Tairi la Pikipiki Tulibadilishe Wenyewe

Haifai mkunga wa shamba kukwama njiani usiku, huku mzazi anamngoja, kwa sababu ya mwiba mmoja. Kubadilisha tairi la pikipiki ni kazi iwezekanayo nyumbani. Tutoe upepo wote, kisha tukandamize ukingo wa tairi uingie katika bonde la katikati ya ringi. Ndipo upande wa pili utakapotoka kwa chuma bapa bila ya nguvu nyingi. Tupapase ndani kwa hadhari kuutafuta mwiba. Mpira mpya wa ndani tuutie upepo kidogo kabla ya kuuingiza, usije ukabanwa. Mshale wa ubavuni ufuate mwendo wa gurudumu. Mwisho tukaze nati na kujaribu breki.

Nao wakuu wa idara wakitoa pikipiki watoe pia pampu na vyuma vyake. Mtumbwi bila ya kafi haumfikishi mtu.