Uzamili wa haki jinai kwa mtandao, ukiwa Maretadu: piga hesabu kabla ya kulipa ada

Tuseme uko Maretadu, wilayani Mbulu. Shahada ya kwanza unayo, na kwenye simu limekujia tangazo: shahada ya uzamili ya haki jinai, yote kwa mtandao, masomo yanaanza mwezi ujao. Ada yake nyumbani ingenunua ng'ombe kadhaa. Ulipe? Hebu tupige hesabu kwanza.

Haki jinai ni nini hasa?

Wengi hudhani ni jina jingine la sheria. Siyo. Mwanasheria anauliza kosa gani limetendeka na adhabu yake ni ipi. Mtu wa haki jinai anauliza mfumo mzima unafanyaje kazi: polisi anayepokea taarifa, mwendesha mashtaka, mahakama, gereza, mpaka siku mfungwa anaporudi kijijini. Mwaka 2023, tume iliyoundwa na Rais Samia Suluhu Hassan chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman iliangalia jinsi ya kuboresha taasisi za mnyororo huo.

Kwa hiyo shahada hii peke yake haikufanyi wakili. Kwa Tanzania Bara, njia ya uwakili ni shahada ya kwanza ya sheria, kisha mafunzo ya vitendo ya Law School of Tanzania. Kama unataka uwakili, hilo basi silo lako.

Hesabu ya muda

Kwa viwango vya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), krediti 1 ni saa 10 za kazi, na uzamili unadai krediti zisizopungua 180. Hizo ni saa 1,800. Uingereza nao wanahesabu hivyo hivyo.

Ukisoma saa 2 kila jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, na saa 5 Jumamosi, unapata saa 15 kwa wiki. Utahitaji wiki 120, yaani miaka miwili na zaidi ya miezi mitatu. Hapo hujaugua, hujavuna, hujaenda msibani. Ukiambiwa utamaliza kwa mwaka mmoja huku unafanya kazi, gawanya mwenyewe: ni karibu saa 35 kila wiki. Hiyo ni ajira ya pili!

Hesabu ya bando

Video inayotiririka kwa megabiti 1 kwa sekunde inakula megabaiti 450 kwa saa. Sauti peke yake, kwa kilobiti 64, inakula kama 29 tu. Kwa hiyo uliza chuo: je, mihadhara inapatikana kwa sauti na maandishi ya kupakua, au lazima uwe hewani muda wote? Jibu hilo linaweza kuamua kama utamaliza. Umbali wenyewe si kizuizi: Nelson Mandela alitunukiwa shahada ya sheria ya UNISA mwaka 1989, kwa masomo ya mbali, akiwa bado mfungwa.

Chuo kikiwa cha nje, waulize TCU kuhusu utambuzi wake kabla ya kutuma hela. Angalia pia hapa nyumbani: Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kinafundisha kwa masafa na kina vituo mikoani.

Hesabu ambayo haimo kwenye tangazo

Vitabu vingi utakavyosomeshwa vitazungumzia Chicago na London. Wewe uko mahali ambapo maswali hayajaisha. Mtu akiiba ng'ombe akafungwa, mwenye ng'ombe amepata nini? Watoto wa aliyefungwa wanalishwa na nani? Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaruhusu baadhi ya wenye vifungo visivyozidi miaka 3 kutumikia adhabu nje ya gereza. Je, jirani zako wangeona hapo haki imetendeka?

Tena, kwa Wadatoga wa Mbulu na Hanang kuna baraza la wanawake linaloweza kumtoza faini mwanamume aliyemkosea mwanamke. Vitabuni utakuta neno haki rejeshi, yaani kutengeneza kilichoharibika badala ya kuadhibu tu. Je, baraza hilo ni haki rejeshi, au ni kitu kingine kabisa? Hilo ni swali la tasnifu.

Hapa ndipo masomo ya mtandaoni yanakupa faida: hulazimiki kuondoka lilipo swali lako. Hukumu za mahakama zinasomwa bure TanzLII, na wazee wa kuhoji uko nao. Ila jihadhari. Kijijini, kuficha jina hakutoshi. Ukiandika "fundi aliyefungwa kwa wizi wa ng'ombe", kila mtu sokoni anajua ni nani. Omba vibali, omba ridhaa, na badilisha vielelezo vinavyomtambulisha mtu.

Basi, kabla ya kujaza fomu, chukua karatasi uandike swali moja la haki jinai linalokukera hapo ulipo. Ukilipata, tafuta kozi inayolifaa. Usipolipata, subiri kwanza. Ng'ombe wabaki zizini.