Tarehe 25 Juni na Majirani Zetu wa Msumbiji

Ndugu askari, katika jeshi na polisi tarehe si pambo la kalenda. Kwa tarehe kikosi huondoka, zamu hubadilishwa, na silaha huwekwa chini. Majirani zetu wa Msumbiji wanayo tarehe moja iliyofanya kazi hiyo kwa taifa zima, nayo ni 25 Juni.

Wengi huikumbuka kwa sababu ya uhuru wa mwaka 1975. Lakini siku hiyo ilikwisha kupata maana miaka kumi na mitatu kabla, tena si nchini Msumbiji bali Dar es Salaam. Tarehe 25 Juni 1962 vyama vitatu vya Wamsumbiji walioishi ugenini, yaani UDENAMO, MANU na UNAMI, viliungana na kuwa FRELIMO, chini ya uongozi wa Dk. Eduardo Mondlane. Fundisho la umoja lilikuwa limegharimu damu: tarehe 16 Juni 1960 wananchi waliokusanyika Mueda kudai haki zao walipigwa risasi na Wareno.

Tarehe 25 Septemba 1964 wapigania uhuru waliishambulia Chai, katika jimbo la Cabo Delgado, na vita vikaanza. Mondlane aliuawa kwa bomu mjini Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969, lakini mapambano hayakufa. Uongozi ulimwangukia Samora Machel. Hatimaye, tarehe 25 Aprili 1974, maofisa wa jeshi la Ureno waliochoshwa na vita vya makoloni waliipindua serikali yao huko Lisbon.

Tarehe 7 Septemba 1974 Ureno na FRELIMO zilitia sahihi Mapatano ya Lusaka. Ndani ya mapatano hayo siku ya uhuru iliandikwa waziwazi: 25 Juni 1975, ukumbusho wa kuundwa kwa FRELIMO. Hapo ndipo penye fundisho kwetu. Majeshi mawili yaliyopigana kwa miaka kumi yalitakiwa kukaa katika nchi moja kwa zaidi ya miezi tisa, moja likijiandaa kuondoka na jingine likiingia mijini. Siku ile ile ya mapatano, walowezi waliopinga uhuru waliteka kituo cha redio cha Lourenço Marques. Ghasia zilizofuata ziliua watu wengi. Hata hivyo mapatano hayakuvunjika. Serikali ya mpito iliongozwa na Joaquim Chissano, na tume ya pamoja ya kijeshi ikasimamia usitishaji wa vita. Kila askari, Mreno kwa Mwafrika, alijua siku ambayo kazi hiyo ingekwisha. Aliyetaka kuvuruga amani hakuachiwa muda usio na kikomo.

Mwezi Mei 1975 Machel alivuka mto Ruvuma kutoka Tanzania, akasafiri nchi nzima kuelekea kusini. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Juni, katika uwanja wa Machava, akautangaza uhuru.

Uhuru haukuleta amani papo hapo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliitesa nchi hiyo hadi Mapatano ya Roma ya tarehe 4 Oktoba 1992, na katika miaka ya 1980 askari wa Tanzania walikwenda kusaidia ulinzi huko. Mwezi Oktoba 2017 Cabo Delgado, jimbo lile lile lililosikia risasi ya kwanza ya ukombozi, lilishambuliwa tena, safari hii na watu waliowaua wanavijiji wasio na silaha. Jimbo hilo limetenganishwa nasi na Ruvuma tu.

Kwa hiyo, ndugu askari, mtakaposikia majirani zetu wakiiadhimisha tarehe 25 Juni, kumbukeni kwamba siku hiyo iliandikwa kwanza katika karatasi, kisha ikatimizwa na askari walioshika amri kwa miezi tisa. Ulinzi wa mpaka unadai uvumilivu wa namna hiyo hiyo.