Homa Isiyokwisha: Je, Si Malale?

Hebu tumfikirie mwenzetu wa Ilagala, kule mto Malagarasi unakoingia Ziwa Tanganyika. Mumewe ana homa, sasa ni wiki ya tatu. Zahanati wamempima malaria kwa kile kipimo cha haraka, hana. Amepewa vidonge, homa ikashuka, kisha ikarudi. Mchana anasinzia mbele ya sahani ya ugali. Usiku hapati usingizi. Yeye aliyekuwa mpole sasa anawafokea watoto. Majirani wananong'ona kuwa amerogwa. Wengine wanasema ni pepo.

Huenda si uchawi wala pepo. Huenda ni malale.

Wengi wetu tulilisikia jina hilo kwa bibi zetu tukadhani ni habari za kale. Ni kweli ugonjwa umepungua: tangu mwaka 2018 wagonjwa wanaoripotiwa duniani hawafiki 1,000 kwa mwaka. Lakini mkoa wa Kigoma umo katika maeneo ya Tanzania yanayojulikana kuwa na malale. Na uchache wa wagonjwa una hatari yake: ugonjwa usioonekana mara kwa mara husahauliwa upesi.

Unatoka wapi?

Malale huletwa na vimelea vidogo visivyoonekana kwa macho. Huishi katika damu ya wanyama wa porini, kama pongo, na hata ya ng'ombe wetu. Ng'ombe anaweza kuwa navyo akaonekana mzima kabisa. Mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo, hunyonya damu ya mnyama huyo, kisha siku nyingine humuuma mtu. Huuma mchana, tena hupenya nguo nyepesi. Hivyo walio hatarini ni wale wanaokwenda porini: sisi tunaotafuta kuni na uyoga, na waume zetu wanaochunga, wanaorina asali au kuwinda.

Ng'ombe wakihamishwa, ugonjwa unaweza kuhama nao. Wenzetu wa Soroti, Uganda, walijifunza hayo mwaka 1998, malale yalipozuka karibu na mnada wa mifugo uliokuwa ukiuza ng'ombe kutoka maeneo yenye ugonjwa.

Tufanye nini?

Tuzijue dalili. Mara nyingine palipoumwa huvimba na kuwa kidonda. Hufuata homa za kuja na kuondoka, kichwa na viungo kuuma, na tezi kuvimba. Vimelea vikifika kwenye ubongo, usingizi na tabia hubadilika. Asipotibiwa, mgonjwa wa malale ya huku kwetu kwa kawaida hufa katika muda wa miezi tu.

Kipimo cha haraka cha malaria hutafuta malaria peke yake, malale hakiyaoni. Kwa hiyo homa ikiendelea, turudi tukamwambie mganga wazi: "Huyu alikuwa porini, aliumwa na mbung'o. Naomba damu yake itazamwe kwa hadubini." Kama zahanati haina hadubini, tuombe rufaa ya hospitali. Kusema hivyo si kumkosea adabu mganga; ni kumsaidia. Mama mjamzito naye asikawie, maana vimelea vinaweza kumfikia mtoto tumboni.

Dawa ipo, na hutolewa bure kupitia Shirika la Afya Duniani. Mwaka 2024 shirika hilo lilipendekeza vidonge vya feksinidazoli kwa malale ya aina yetu, kwa wenye miaka 6 na zaidi na uzito usiopungua kilo 20. Humezwa pamoja na chakula kwa siku 10, chini ya uangalizi wa wahudumu wa afya. Watoto wadogo zaidi wana dawa nyingine.

Tukienda porini, tuvae nguo nzito za mikono mirefu, tukiepuka rangi ya buluu na nyeusi zinazomvuta mbung'o. Wenye ng'ombe wamwone bwana mifugo kuhusu kuwaogesha kwa dawa ya kuua mbung'o.

Kumwombea mgonjwa ni vema, na tuendelee. Lakini tumwombee tukiwa njiani kwenda hospitali.