Kabla hujamwita mtu kichaa

Hebu jihesabu kwa siku ya leo tu: umetamka mara ngapi neno "wazimu" au "kichaa"? Jirani akiuza ng'ombe kwa bei ndogo, ana wazimu. Mtoto akikosa hesabu, punguani. Mzee akigombana na wenzake mkutanoni, mtu wa nyuma hupaza sauti, "Mpelekeni Mirembe!" na wote wakacheka. Mirembe ni hospitali ya wagonjwa wa akili huko Dodoma. Watu hutibiwa pale wakarudi makwao, na kicheko hicho huwakuta mkutanoni.

Maneno haya yana asili yake. Wazimu ni neno la ukoo mmoja na mizimu na kuzimu. Wazee waliposema mtu ana wazimu, walimaanisha kwamba mizimu imempanda, na dawa yake ilikuwa tambiko. Si sisi peke yetu. Warumi wa kale waliuabudu mwezi kama mungu wa kike aitwaye Luna, na waliamini kwamba mwezi huvuruga akili. Neno moja la Waingereza la kumwita mwendawazimu limetokana na jina hilo. Hata kwetu wapo wasemao kichaa hupanda mwezi unapoandama. Wagiriki nao waliita kifafa ugonjwa mtakatifu, wakidhani mungu amemshika mtu. Lakini miaka ipatayo 400 kabla ya Kristo, katika maandishi ya matabibu yanayobeba jina la Hippocrates, iliandikwa kwamba ugonjwa huo hutoka kwenye ubongo, wala si mtakatifu kuliko magonjwa mengine. Na bado leo mwenye kifafa akianguka kando ya moto, wapo wanaoogopa kumgusa, eti povu linaambukiza. Haliambukizi. Mvute mbali na moto, mlaze ubavu, usimtie kitu chochote mdomoni.

Sisemi tufute maneno ya wazee. Kazi ya kamusi si yangu. Shida ni kwamba neno "wazimu" hukata shauri kabla mgonjwa hajapimwa. Mtu akianza ghafla kusema ovyo, huenda ana malaria kali, au homa ya uti wa mgongo, au sukari imepungua mwilini, au ni pombe, au ni ugonjwa wa akili wenyewe. Mama aliyejifungua juzi naye aweza kuvurugikiwa akili, na huyo ni wa kukimbizwa hospitali. Yote haya yana matibabu, na malaria kali haingoji tambiko.

Masika iliyopita kijana mmoja aliletwa zahanati kwetu amefungwa kamba mikononi. Alikuwa amekimbia uchi sokoni, watoto wakamtupia mawe. Ndugu zake walimfungia ndani siku mbili wakimngojea mtu wa kupunga pepo. Nilipomgusa alikuwa wa moto kama sufuria iliyo jikoni. Tone la damu likaonyesha malaria. Tulimchoma sindano ya kwanza, tukampeleka hospitali ya wilaya, na baada ya wiki tatu alikuwa shambani akipalilia mahindi.

Malaria ilitoka, jina halikutoka. Akipita na baiskeli watoto humwita "Kichaa". Watu wazima nao humwita hivyo hivyo, tena kwa upole, kana kwamba ndilo jina lake la ubatizo. Alipopeleka posa, wazazi wa binti waliuliza kama ugonjwa ule ni wa ukoo.

Siku aliyopata jibu hilo alikuja zahanati, akakaa kwenye benchi mpaka wagonjwa wote wakaisha.

"Bwana Mganga," akaniambia, "niandikie karatasi kwamba mimi si kichaa."

Nikaandika: Aliugua malaria. Amepona. Nikagonga muhuri. Akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati, akaenda nayo kwa wazazi wa binti.