Bwate ya otomatike: tupime kwanza, kufungua kutakuja kisha

Mu miji yetu, Bukavu, Goma, Butembo na hata Lubumbashi, gari nyingi tunazoona kila siku zilitembea kwanza Japani. Zinafika kwetu zikiisha kuzeeka, na nyingi ziko otomatike: haziko na pedali ya ambreyaje, shofere anaweka tu kijiti kwenye herufi D, anakanyaga, gari inaenda. Wazazi wa wengi kati yetu wanakula kwa gari ya namna hii. Ikisimama, minervali nayo inasimama.

Siku gari inakataa kutembea, neno la kwanza linalosemwa njo hili: «Bwate imekufa.» Wanaitoa, wanatafuta ingine ya kununua, na feza yote ya nyumba inapotea. Lakini mara na mara bwate ilikuwa nzima, ilikosa tu litre moja ya mafuta. Muganga hapasui tumbo la kila mutu anayeumwa na tumbo, anauliza na anapima kwanza. Sisi wa kundi la ufundi tunataka kuonyesha hapa ginsi ya kuuliza na kupima, moja kisha ingine.

INATUMIKA NAMNA GANI?

Weka ventilatere mbili uso kwa uso, uwashe moja tu. Upepo wake utazungusha ile ingine, hata kama haziguse. Mu gari ya otomatike ni vile vile, lakini pahali pa upepo kuna mafuta. Sahani moja yenye mabawa inazungushwa na motere, inatupa mafuta juu ya sahani ya pili, na hii inazungusha bwate. Mudachi Hermann Föttinger alipata hati ya uvumbuzi huu mu mwaka 1905, kwa ajili ya merikebu. Mu mwaka 1939, kampuni ya Marekani General Motors ilitangaza bwate yake Hydra-Matic, iliyowekwa ndani ya gari Oldsmobile za mwaka 1940.

Ndani ya bwate kuna pompi inayozungushwa na motere. Pompi inasukuma mafuta kwa nguvu, na mafuta yanabana madiske na mikanda ili vitesi zishike. Basi mafuta iko na kazi ine: kubeba nguvu ya motere, kubana madiske, kulainisha vyuma na kutoa joto. Kwa hiyo hata kusukuma gari ya otomatike ili iwake ni kazi ya bure: motere ikilala, pompi inalala nayo, na bwate haishike kitu.

ULIZO LA KWANZA: MOTERE INALIA AO HAILII?

Gari ikiwa zaifu mu mulima, kanyaga na usikilize.

Kama motere inapanda na kulia sana, lakini gari haiongeze mwendo, nguvu inapotea kati ya motere na mapine. Hapo bwate iko na ulizo la kujibu.

Kama motere yenyewe hailii, inakohoa ao inachoka, usisingizie bwate. Tafuta kwanza bujii, filtri ya hewa, esanse isiyofika, ao freni inayoshika bila kukanyagwa. Wengi wamebadilisha bwate kumbe ugonjwa ulikuwa wa motere.

ULIZO LA PILI: MAFUTA IKO NAMNA GANI?

Gari itembee kwanza dakika kumi na tano hivi ili mafuta ipate joto. Simamisha pahali pasawa, vuta freni ya mukono, acha motere ikizunguka polepole. Kanyaga freni, pitisha kijiti kwenye kila herufi, P, R, N, D, mpaka mwisho, urudishe kwenye P. Toa kijiti cha kupimia, upanguse kwa kitambaa safi, urudishe, utoe tena. Mafuta sharti ifike kati ya alama za «HOT». Alama za «COOL» ni za mafuta ya baridi. Angalieni: gari nyingi za Honda zinapimwa zikiisha kuzimwa. Tazama kitabu cha gari.

Kisha tia tone moja juu ya karatasi nyeupe, utazame rangi, unuse:

1. Nyekundu na safi: ni nzuri.
2. Kahawia, lakini bila harufu mbaya: imezeeka, ibadilishwe.
3. Nyeusi, na inanuka kama kitu kilichoungua: madiske yameungua. Mafuta mapya peke yake hayatayaponyesha.
4. Sawa maziwa yaliyochanganywa na damu: maji imeingia. Mara nyingi inatoka ndani ya radiatere, kwa sababu mafuta ya bwate inapita mule kupozwa. Usitembeze gari tena hata kidogo.
5. Povu: mafuta imezidi, ao imepunguka na pompi inavuta hewa.

Mukumbuke jambo hili: mafuta ya bwate haiungui polepole kama ya motere. Ikipunguka, imemwagika. Kuongeza bila kutafuta tundu ni kujaza kikapo maji. Lala chini ya gari, tazama kartere, mipira ya radiatere na pahali mapine yanapounganishwa na bwate.

ULIZO LA TATU: INAFANYA NINI, NA WAKATI GANI?

Andika vitu hivi, maana fundi muzuri atakuuliza.

a) Gari haiwake kabisa. Jaribu kwenye N. Ikiwaka kwenye N na kukataa kwenye P, shida iko kwa swichi ndogo ya kijiti ao kable yake. Ni kitu cha bei ndogo.

b) Unaweka D, unangojea sekunde mbili, tatu, halafu inaruka mbele. Mafuta imepunguka, filtri imeziba, ao mipira ya ndani imekauka na kuzeeka.

c) Inagonga kila mara unapoweka D ao R. Tazama kama motere inazunguka mbio sana wakati wa kusimama, na kama mipira inayoshikilia motere imekatika. Hayo yote yako inje ya bwate.

d) Mbele inateleza, nyuma inashika vizuri. Diske za mwendo wa mbele zimechoka. Hii ni kazi ya ndani.

e) Haiendi mbele wala nyuma, na mafuta iko sawa. Kwanza hakikisha kable ya kijiti haikutoka pahali pake. Kama kable ni nzima, fikiri pompi ao zile sahani za mafuta.

f) Haifike kwenye vitesi ya ine. Kwanza tazama kama taa «O/D OFF» inawaka. Pengine mutoto amebonyeza tu kidude cha pembeni ya kijiti! Kisha uulize kama mafundi waliondoa termostati. Wanapenda kuiondoa, lakini bwate nyingi zenye ordinatere zinakataa vitesi hiyo mpaka maji ya motere ipate joto. Mu milima yetu ya baridi, motere isiyo na termostati inaweza kukawia sana kupata joto.

g) Taa «O/D OFF» inawaka na kuzimika yenyewe. Mu gari nyingi za Toyota, ni ordinatere inayosema imeona kosa, na mara nyingi kosa hilo ni la umeme: nyuzi, ao vifaa vidogo vinavyofungua njia za mafuta. Umeme upimwe mbele ya vyuma.

h) Inabadilisha vitesi mapema sana ao kwa kukawia. Gari za zamani ziko na kable inayotoka kwenye akseleratere kwenda kwa bwate. Ikilegea ao ikikazwa vibaya, bwate inadanganywa. Irudishwe kwenye kipimo chake.

WAKATI WA KUFUNGUA

Fundi akishusha kartere ili kubadilisha filtri, usimame karibu. Ndani kuna sumaku. Vumbi laini la kijivu juu yake si kitu, ni kuzeeka kwa kawaida. Lakini ukiona vipande vya chuma, ao maganda meusi ya diske, hapo jibu limepatikana: bwate sharti ifunguliwe. Ukisikia «imekufa» mbele ya kartere kushuka, omba uonyeshwe alama.

MAMBO YA KUKATAA

- Kutia mafuta ya motere ndani ya bwate. Jina la mafuta yake mara nyingi limeandikwa juu ya kijiti cha kupimia: gari za zamani nyingi zinataka Dexron II ao III, Toyota zingine T-IV. Usichanganye.
- Kukokota gari kwa kamba safari ndefu, mapine yanayovuta yakiwa chini. Pompi haizunguke, vyuma vinasuguana bila mafuta ya kutosha. Uyainue.
- Kukanyaga freni na akseleratere pamoja ili kupima nguvu. Mafundi wanafanya hivyo sekunde chache tu, tena na kipimo mukononi. Mwanafunzi asijaribu: mafuta inachemka, na gari inaweza kuruka juu ya watu.

Ndugu wasomaji, kijiti cha kupimia, kitambaa safi na karatasi nyeupe havilipishwe. Bwate ingine inalipishwa. Likizo hii, kila mwenye mzazi ao ndugu anayeendesha otomatike amusaidie kupima mafuta na kuandika alama anazoziona. Akienda kwa fundi na alama zilizoandikwa, hawatamuuzia bwate wakati anahitaji litre moja. Mwenye ulizo aandike kwa kundi la ufundi, nasi tutajibu mu namba inayofuata.