Hesabu kurasa kabla ya kuhesabu pesa

MAMA amelewa chakari. Mtoto wake anamponyoka na kuporomoka kutoka ngazini, naye hana habari, anachota ugoro!

Hiyo ndiyo picha ya "Gin Lane" ambayo Mwingereza William Hogarth aliiuza kwa shilingi moja jijini London mwaka wa 1751. Alikuwa akikejeli ulevi uliowatafuna maskini. Mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria ya kudhibiti uuzaji wa pombe kali.

Leo vitabu vikuukuu vyenye michoro ya aina hii husakwa kwa udi na uvumba. Lakini mbona kimoja kiwe ghali na kingine, chenye picha zile zile, kiwe rahisi?

Siri imo katika bamba la shaba. Mchoraji alichonga mistari kwenye bamba, akalipaka wino, akalipangusa, kisha akalibana na karatasi kwenye mtambo. Kila linapobanwa, mistari huchakaa. Picha za kwanza hukolea weusi, za mwisho hupauka mithili ya shati lililofuliwa mno.

Hogarth alifariki mwaka wa 1764, lakini mabamba hayakuzikwa naye. Mjane wake, Jane, aliendelea kuuza picha. Baadaye mabamba yakafika kwa John Boydell, na mwaka wa 1822 yakachapishwa tena baada ya kukarabatiwa. Asiyejua huenda akalipia picha ya 1735, kumbe kapewa ya 1822.

Afanyeje? Ainue ukurasa kwenye mwanga. Baadhi ya karatasi za kale zina jina la kiwanda na mwaka ndani yake. Karatasi ya 1820 haiwezi kuwa ya enzi za Hogarth, asilani.

Aidha, ahesabu picha. "A Rake's Progress", hadithi ya kijana anayefuja urithi na kuishia hospitali ya wendawazimu, ina picha nane. Zikiwa saba, kuna aliyenyofoa moja. Wapo wanaorarua vitabu ili wauze picha moja moja. Wao hupata faida, nayo hadithi hukatika.

Hogarth, ambaye babake alifungwa kwa ajili ya deni, alijua uchungu wa pesa. Alipigania sheria ya 1735 iliyowalinda wachongaji dhidi ya wezi wa picha kwa miaka 14, na akangoja ianze kutumika ndipo akauza hadithi ya kijana huyo.

Basi msomaji, ukibahatika kukutana na kitabu kama hicho, hesabu kurasa kwanza. Pesa baadaye.