Nyota Tano za Ndai Yako: Zitakusaidia Kitale–Bungoma ama Ni Stori za Yadi?

Msee, kama umekuwa ukiweka doo pole pole ununue ndai yako ya kwanza, kuna mistari utapigwa kwa kila yadi, iwe ya Kitale ama ya Bungoma. "Hii imetoka Japani. Ina nyota tano. Ukisahau breki, inajifungia yenyewe." Unaonyeshwa kamera ndogo juu ya kioo cha mbele, unawashiwa injini, na roho inatulia.

Kabla utume deposit, kaa hapa dakika tano tuchambue hizo nyota ni za nini. Ukijua, utauliza maswali ambayo muuzaji hakuwa amejipanga kujibu.

Nyota zinatoka wapi?

Kuna mashirika ambayo kazi yao ni kugonga magari makusudi. Ulaya kuna Euro NCAP, Japani kuna JNCAP, Australia kuna ANCAP, Amerika ya Kilatini kuna Latin NCAP. Wanaweka ndani sanamu za watu zenye sensa, wamezifunga belti, halafu gari linapelekwa likagonge. Sensa zinasema kichwa kimeumia aje, kifua aje, miguu aje.

Jaribio ambalo limetumika miaka mingi ni hili: gari linaenda kilomita 64 kwa saa, na asilimia 40 ya uso wake inagonga kizuizi ambacho kinabonyea. Hiyo ni kama kuiga magari mawili ya saizi moja yakigongana uso kwa uso.

Sasa toka maabara uingie barabara yetu. Ukitoka Kitale unapita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, mpaka Webuye. Hapo unaingia barabara kuu ya Malaba, yenye trela za kwenda Uganda, halafu ukikaribia Bungoma unakutana na matrakta ya miwa ya Nzoia. Hakuna anayeenda 64 hapo, na hakuna trela ya saizi ya Vitz.

Hesabu iko hivi. Nguvu ya kugonga inapanda kwa mraba wa spidi, so ukienda 100 badala ya 64, nguvu haiongezeki nusu tu. Inakuwa kama mara 2.4. Na kwa uzito, Vitz ni kama tani moja, wakati trela kubwa inaruhusiwa kisheria kufika tani 56 ikiwa na mzigo. Hiyo mechi haina nyota.

Trela la miwa lina noma ingine pia. Mbele ya ndai ndogo imejengwa ijikunje, imeze kishindo kabla kikufikie. Lakini ukiingia chini ya trela kutoka nyuma, bampa na boneti zinapita chini. Kitu cha kwanza kugongwa ni kioo cha mbele, na nyuma ya kioo ni wewe.

Jina moja, nyota tofauti

Cheki Suzuki Swift, hatchback ambayo wasee wengi wanaipenda.

Mwaka wa 2017, Euro NCAP iliipa nyota 3. Ile iliyokuwa na vifaa vya ziada vya usalama, pamoja na breki ya kujifunga, ilipata 4. Mwaka wa 2021, Latin NCAP ilipima Swift ya huko kwao, yenye mifuko miwili tu ya hewa, ikapata 0. Ndiyo, sifuri. Mwaka wa 2024 Swift mpya ilipata 3 Ulaya, halafu Desemba mwaka huo huo ANCAP ikaipa ile ya Australia nyota 1.

Jina ni hilo hilo, na kwa macho gari ni lile lile. Tofauti iko ndani: mifuko ya hewa mingapi, mfumo wa kuzuia gari kuteleza upo ama haupo, bodi imejengwa aje, na liliundwa liuzwe soko gani. Pia mitihani inaendelea kuwa migumu, so nyota 5 za 2009 si sawa na nyota 5 za 2020.

Kwa hivyo muuzaji akikuonyesha video ya YouTube ya gari la Ulaya likigongwa vizuri, muulize swali moja: hii yako ni ya mwaka gani, na ina vifaa gani? Ile imesimama mbele yako iliundwa kwa soko la Japani, na vifaa vyake vinategemea yule mwenyewe wa kwanza alilipia nini.

Hiyo kamera inaona nini?

Mfumo wa breki ya kujifunga una jina lake kwa kila kampuni. Honda wanauita Honda Sensing, Mazda wanasema i-Activsense, Toyota ni Toyota Safety Sense. Zote zinatumia kamera ama rada kuangalia mbele, zinakupigia kelele ukikaribia kugonga, na ukikataa kuskia zinafunga breki.

Tuchukue Toyota Safety Sense C, iliyoanza kuwekwa kwa Vitz 2015. Breki yake inajifunga ukiwa kati ya kama kilomita 10 na 80 kwa saa. Ukiwa 100, usiitegemee ikusimamishe. Na iliundwa itambue magari. Mtu wa miguu hayuko kwa orodha yake, na usiweke bet kwamba itamtambua ng'ombe wa mtu, boda isiyo na taa, ama trakta ambalo limeegeshwa gizani bila hata kiakisi kimoja.

Kuna ile ya kukuambia umetoka kwa laini. Inasoma mistari ya rangi barabarani. Mahali rangi imefutika ama pembeni ni vumbi, inanyamaza tu. Mvua kubwa ya jioni pia inaifunga macho, na matope kwa kioo ni vile vile.

Halafu kuna mambo ya fundi. Kamera iko nyuma ya kioo cha mbele. Kioo kikipasuka ukabadilishiwa mtaani, kamera inafaa kupangwa upya kwa mashine, juu ikiangalia pembeni kidogo tu, itapima vibaya. Na mara mingi meseji ya hitilafu inatokea kwa Kijapani. Dere haelewi, anazoea, maisha yanaendelea.

Mifuko ya hewa: ipo kweli?

KEBS hairuhusu gari lililozidi miaka 8 kuingia nchini. Lakini ndai za bei ya chini unazoona mtaani ziliingia kitambo, na zimepitia mikono kadhaa. Mfuko wa hewa ukishalipuka kwa ajali, kuurudisha ni pesa. Wengine wanaziba dashibodi na kuzima taa ya onyo.

Kujua ni rahisi. Washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya SRS, ile ya mtu amekaa na duara mbele yake, inafaa kuwaka sekunde chache halafu izime. Ikibaki inawaka, kuna shida. Ikikosa kuwaka kabisa, huenda kuna mtu aliichezea.

Ingine ni Takata. Hii kampuni ya Japani iliuza mifuko ya hewa ambayo baruti yake inaharibika kwa joto na unyevu, na ikilipuka inaweza kurusha vipande vya chuma usoni. Mamilioni ya magari yaliitwa kurekebishwa duniani, Honda Fit na Vitz za miaka ya nyuma zikiwemo, na kampuni ikafilisika 2017. Chukua namba ya chesisi, uiingize kwa tovuti ya kampuni iliyounda gari, uone kama lilirekebishwa.

Belti tano, watu saba

Hapa ndio stori yenyewe iko. Hizo sanamu zilizopata nyota tano zilikuwa zimefungwa belti. Mfuko wa hewa umeundwa ukupate ukiwa umeshikwa kwa kiti. Bila belti, mwili unatangulia, na mfuko unakulipukia usoni ukiwa karibu sana.

Shirika la Afya Duniani linasema belti inaweza kupunguza hatari ya kufa hadi nusu. Sasa hesabu zile ndai za shared zinazopakia watu wanne nyuma na wawili kiti cha mbele. Gari lina belti tano. Wale wamezidi hawana nyota hata moja, na wa nyuma asiyefungwa anamgonga wa mbele aliyefungwa. Kenya inapoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka, na hao hawakuwa wote kwa magari mabovu.

Ukienda yadi, beba hii

1. Itisha karatasi ya mnada wa Japani. Gredi ya R ama RA ni gari lililopata ajali likarekebishwa.
2. Cheki taa ya SRS vile tumesema.
3. Vuta belti zote, hata za nyuma, kwa nguvu ya ghafla. Inafaa ishike.
4. Uliza kama kioo cha mbele kilibadilishwa, na kamera ilipangwa na nani.
5. Angalia tairi. Breki ya kujifunga kwa tairi kipara itakusukuma tu mpaka uguse.
6. Tafuta matokeo ya modeli na mwaka huo huo, hasa ya JNCAP.

Kama pesa inatosha ndai yenye kamera na mifuko sita ya hewa, chukua, inasaidia sana. Kama haitoshi, nunua ile imenyooka, ukae 80, na usipige ngwati ya usiku nyuma ya miwa. Na wa nyuma wakisema belti ni za mbele pekee, waambie hamtoki hapo stage mpaka wafunge.